Nani Aitwe Mvivu?

Kila msimu wa karafuu unapofika, husikika hapa Unguja malalamiko yaleyale. Mwenye mikarafuu atazama matumba yakipevuka, ahesabu siku zilizobaki kabla hayajafunguka, maana karafuu ikishachanua thamani yake imekwisha. Atafuta wachumaji, asiwapate. Au awapata wachache, nao wadai ujira asiopenda kuutoa. Jioni hukaa barazani pamoja na wenziwe, na neno litokalo vinywani mwao ni moja: "Watu wa siku hizi wavivu." Walio Mjini nao husema vivyo hivyo juu ya vijana wasiotaka kuchukua mizigo, na wageni wenye mahoteli ya pwani husema vivyo hivyo juu ya wenyeji wa vijiji vilivyo jirani nao.

Neno hili ni jepesi kulitamka, walakini ni hukumu nzito. Tukitaka kumwita mtu mwizi, twaulizwa ushahidi. Tukimwita mvivu, hakuna atuulizaye kitu. Twalitupa neno kama mtu atupaye ganda la chungwa, wala hatutazami limemwangukia nani. Na mtu akishaitwa mvivu, hapo hapo huonekana kwamba umaskini wake ni kosa lake mwenyewe, na kwamba ujira mdogo apewao wamtosha.

Basi leo tungependa kulitia neno hili katika mizani. Je, mtu akataaye kazi ya kuajiriwa ni mvivu? Tena, nani mwenye haki ya kumhukumu? Hayo si maswali mapya. Yaliulizwa katika kisiwa hiki zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na kabla ya hapo yaliulizwa huko Ulaya, wakati kilimo na ufundi wa kale vilipokuwa vikigeuka kuwa uchumi wa mashamba makubwa na viwanda. Twaweza kujifunza mengi kwa kuziweka habari hizo mbili pamoja.

MIKARAFUU NA MIKONO

Mkarafuu si mti wa asili ya visiwa vyetu. Uliletwa mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyotawaliwa na Wafaransa, na Seyyid Said bin Sultan, aliyefariki mwaka 1856, aliuhimiza upandaji wake mpaka Unguja na Pemba zikawa zatoa sehemu kubwa ya karafuu zote zilizouzwa duniani. Ardhi yenye rutuba ya magharibi na kaskazini ya Unguja iligeuka mashamba. Wenyeji wa kisiwa, Wahadimu, wengi wao walibaki upande wa mashariki na kusini, penye mawe mengi na udongo haba, wakilima walichoweza na kuvua samaki. Mikono iliyopanda, iliyopalilia na iliyochuma ilikuwa ya watumwa waliochukuliwa bara.

Desturi ya mashamba ilikuwa hii: mtumwa alifanya kazi ya bwana wake siku tano za juma, na siku mbili, yaani Alhamisi na Ijumaa, alilima kipande alichopewa, apande muhogo na kunde, ajilishe mwenyewe na watu wake. Tuikumbuke sana desturi hiyo ya siku mbili, maana ndani yake mna ufunguo wa habari yote itakayofuata.

Mwaka 1872 tufani kubwa iliing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Mwaka uliofuata, 1873, Seyyid Barghash alilifunga soko la watumwa la Mjini kwa kubanwa na Waingereza. Mwaka 1890 visiwa vikawa chini ya himaya ya Uingereza, na Aprili 1897 Seyyid Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuuondoa utumwa katika sheria. Mtumwa aliyetaka uhuru alipaswa kwenda mwenyewe barazani mwa hukumu kuuomba. Bwana aliyempoteza mtumwa wake kwa njia hiyo aliweza kulipwa fidia. Mtumwa hakulipwa kitu kwa miaka yake iliyopotea. Masuria hawakuingizwa katika amri hiyo. Wao walingoja mpaka mwaka 1909.

Lakini yafaa tutazame sharti moja lililokuwamo ndani ya amri ya 1897, ambalo watu hulisahau. Aliyepewa uhuru alitakiwa aonyeshe kwamba ana makao maalumu na njia ya kujipatia riziki. Asipoweza, aliweza kuhesabiwa mzururaji. Maana yake ni nini? Siku ileile aliyoambiwa, "Wewe u huru," aliambiwa pia, "Twakushuku kuwa utakuwa mvivu." Bwana wake, aliyekula jasho la wengine maisha yake yote, hakuulizwa aonyeshe kazi ya mikono yake.

Hofu ya wakubwa wa serikali na ya wenye mashamba ilikuwa kwamba mtu aliyewekwa huru ataketi chini ya mwembe, na karafuu zitaozea mtini. Je, ilitukia hivyo? Haikutukia. Wengi walibaki mashambani, wakijenga vibanda vyao katikati ya mikarafuu, wakilima muhogo, viazi na kunde kwa ajili ya chakula na soko, na kwa malipo ya kukaa hapo wakimsaidia mwenye shamba kazi kadha wa kadha. Msimu wa kuchuma ulipofika, walichuma, wao pamoja na wake zao na watoto wao, maana uchumaji ulilipwa kwa pishi: achumaye nyingi apata nyingi. Hata Wahadimu wa upande wa mawe walitoka vijijini mwao wakaja kuchuma, kisha wakarudi kwao. Kazi waliyoikwepa ilikuwa moja hasa, nayo ni ile ya kupalilia siku baada ya siku, kwa amri ya msimamizi na kwa ujira mdogo. Ilikuwa kazi iliyofanana mno na utumwa waliotoka. Ikawabidi wenye mashamba na serikali kutafuta watu wa kupalilia mbali, miongoni mwao Wanyamwezi wa bara.

Ndugu msomaji, fikiri. Mtu yuleyule, katika mwaka uleule, ajihimu alfajiri kulima muhogo wake, apanda mkarafuu mrefu akichuma mpaka jua la kuchwa, kisha akataa kupalilia shamba la mwingine. Je, twaweza kusema ni mvivu? Kama uvivu ungalikuwa katika damu yake, ungalimfuata shambani mwake pia. Ugonjwa haumwachi mgonjwa avukapo kijito. Aliloliacha mtu huyu si kazi, bali namna fulani ya kufanya kazi. Alikuwa akizifanya siku tano za bwana zifanane na zile siku mbili zake.

NENO "KIBARUA"

Lugha yetu yenyewe yatusaidia hapa. Twasema "kazi", tena twasema "kibarua", na kila mtu ajua kwamba si kitu kimoja. Kibarua ni barua ndogo, kijikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya kutwa kuwa ushahidi wa siku yake. Katika mji huu wa karne ya 19, wengi walioitwa vibarua walikuwa watumwa waliotumwa na mabwana zao kwenda kuajiriwa: kuchukua mizigo bandarini, kusafisha sandarusi, kujenga nyumba za mawe. Jioni ujira wao uligawanywa, na fungu la bwana lilitolewa kwanza. Kwa hiyo neno tunalolitumia leo kwa kazi ya ujira lilizaliwa karibu sana na utumwa. Si ajabu basi kwamba katika vinywa vya wazee lilikuwa na uchungu kidogo.

Hatusemi kwamba kuajiriwa ni utumwa. Haifai kuchanganya mambo. Kibarua aweza kuondoka, mtumwa hawezi. Kibarua alipwa, mtumwa halipwi. Lakini uhuru wa kuondoka una maana pale tu mtu anapokuwa na mahali pa kwenda. Ukimfungulia mtu mlango na nje hakuna ila bahari, hukumpa uhuru. Ndiyo maana kile kipande cha muhogo kilikuwa kitu kikubwa. Kilikuwa mahali pa kwenda. Mtu mwenye muhogo wake aweza kumwambia mwajiri, "Ujira huu haunitoshi," na asife njaa kesho yake.

Wenye mashamba walilijua jambo hili vizuri. Waliokaa mashambani mwao waliruhusiwa kupanda vyakula vya msimu, lakini mara nyingi walikatazwa kupanda miti ya kudumu. Kwa desturi na sheria za visiwa hivi, mti waweza kuwa na mwenyewe mbali na mwenye ardhi. Aliyepanda mnazi ana haki inayodumu. Aliyepanda muhogo aweza kuambiwa ahame baada ya mavuno. Na hata baadaye, siasa zilipochacha baada ya uchaguzi wa mwaka 1957, wengi waliambiwa wahame kweli, nyumba zao na mashamba yao wakayaacha, kwa sababu ya chama walichokipenda. Hapo ndipo ulipoonekana udhaifu wa mtu alimaye kwa hisani ya mwingine.

HABARI YA UINGEREZA

Sasa tuvuke bahari. Watu wengi hudhani kwamba Wazungu walizaliwa wakipenda saa na kengele ya kiwanda, na kwamba Mwafrika peke yake ndiye aliyehitaji kufundishwa kazi. Historia yakanusha jambo hilo.

Katika Uingereza ya kale, vijiji vingi vilikuwa na ardhi ya wote: malisho ya ng'ombe na kondoo, mahali pa kuokota kuni, maganjo ya kuokota masazo baada ya mavuno. Maskini mwenye ng'ombe mmoja na bata wachache aliweza kuishi, na alipofanya kazi kwa mkulima mkubwa alifanya kwa siku alizotaka. Wafumaji wa nguo walikuwa wakifumia nyumbani mwao. Mfanyabiashara aliwaletea sufu na kuchukua nguo. Wengi wao walikuwa na desturi ya kutofanya kazi siku ya Jumatatu, hata wakaiita kwa mzaha Jumatatu Takatifu, kisha wakakazana siku za mwisho wa juma. Je, hawakutukumbusha wenzetu wa Alhamisi na Ijumaa?

Wakubwa wa nchi hiyo hawakupendezwa. Baada ya tauni ya miaka ya 1348 na 1349 kuua watu wengi, wafanyakazi waliosalia walidai ujira zaidi. Mwaka 1351 Bunge lilitunga sheria ya kuwalazimisha kupokea ujira wa zamani. Mwaka 1547 ilitungwa sheria iliyoruhusu mtu asiye na kazi kupigwa chapa ya moto na kufanywa mtumwa kwa miaka miwili. Sheria hiyo ilikuwa kali mno hata ikafutwa baada ya muda mfupi. Lakini tuone: sharti la "mzururaji" lililowekwa hapa Unguja mwaka 1897 lilikuwa na babu yake huko.

Kisha ikaja habari ya kuzungushia ua ardhi ya wote. Mtakatifu Thomas More alikwisha kuilalamikia katika kitabu chake cha mwaka 1516, akisema kwamba kondoo, wanyama wapole, wamekuwa wakila watu, kwa kuwa wakulima walifukuzwa ili kondoo wapate malisho. Na kati ya miaka ya 1750 na 1850 hivi, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria zipatazo 4,000 za kugawa na kufunga ardhi hizo, na ekari zaidi ya 6,000,000 zikaguswa. Wenye kuhimiza mabadiliko hayo waliandika waziwazi kwamba ardhi ya wote yawafanya maskini kuwa wavivu: mtu mwenye ng'ombe wake haji kazini kila anapoitwa. Dawa waliyoitaja ilikuwa kumwondolea ng'ombe. Akikosa maziwa atakuja.

Naye akaja. Mwaka 1771 Richard Arkwright alianzisha kiwanda chake cha kusokota pamba huko Cromford, kikiendeshwa kwa nguvu ya maji, na mtindo huo ukaenea. Kengele ilipigwa alfajiri. Aliyechelewa alitozwa faini. Watoto waliingizwa kazini pamoja na wakubwa. Vizazi viwili vitatu vilipita kabla watu hawajaizoea saa ya kiwanda kama jambo la kawaida. Na wajukuu wa watu hao ndio waliofika Unguja na kuandika kwamba wenyeji hawajui thamani ya wakati.

Hata sisi tulikuwa ndani ya mtandao huo bila kujua. Kitambaa cha merikani kilichovaliwa na babu zetu kilifumwa katika viwanda vya Marekani, kwa pamba iliyolimwa na watumwa wa Kiafrika wa kusini mwa nchi hiyo. Kikaletwa hapa na merikebu za Salem, zikarudi na sandarusi na pembe za ndovu. Mtumwa wa huko alilima pamba, msichana wa kiwandani akaifuma, na mtumwa wa hapa akaivaa akichuma karafuu. Watu watatu wasiojuana, na huenda wote watatu waliitwa wavivu.

PINGAMIZI LA HAKI

Hapa msomaji mwenye akili atatupinga, na pingamizi lake ni la haki. Atasema: "Kila mtu akibaki na muhogo wake, nani atakayechuma karafuu? Nani atakayejenga bandari, barabara na hospitali? Uingereza isingalibadilisha kilimo chake, ingalishaje watu wake?"

Ni kweli. Mwaka 1750 Uingereza yenyewe ilikuwa na watu wapatao milioni 6. Miaka mia moja baadaye walikaribia milioni 17. Kilimo cha kupokezana mazao, ngano na shayiri pamoja na tanipu na klova, kiliongeza chakula. Viwanda vilifanya nguo kuwa rahisi hata maskini akapata shati la pili. Na hapa kwetu, ushuru wa karafuu ndio uliolipia kazi nyingi za serikali kwa miaka mingi. Anayedharau faida hizo asema asiyoyajua.

Lakini yatubidi tutofautishe mambo mawili. Kwamba jambo limeleta faida ni jambo moja. Kwamba lilikuwa haki kulitenda kwa namna lilivyotendwa ni jambo jingine. Mtu akikunyang'anya shamba lako akalilima vizuri kuliko wewe, mavuno ni mengi kweli, na unyang'anyi ni unyang'anyi kweli. Faida haiufuti. Tena, tuulize faida ilimfikia nani na hasara ilimwangukia nani. Yule aliyepoteza ng'ombe wake mwaka 1790 hakuishi kuiona nafuu ya wajukuu wake mwaka 1890. Alilipa yeye, wakala wengine, na juu ya hayo akaitwa mvivu. Hilo la mwisho lilikuwa dhuluma ya pili, kwa kuwa lilimwondolea hata haki ya kulalamika.

Katika barua yake ya mwaka 1891 juu ya wafanyakazi, Baba Mtakatifu Leo XIII alifundisha kwamba mapatano ya ujira hayawi ya haki kwa sababu tu pande mbili zimekubaliana. Mtu aliyebanwa na shida akakubali ujira usiomtosha kuishi, huyo ameshindwa nguvu, hakupatana. Fundisho hilo lilitolewa kwa ajili ya viwanda vya Ulaya, lakini lafaa pia chini ya mikarafuu.

NA NYUMBANI MWETU

Ingekuwa vibaya tuwanyoshee kidole wenye mashamba na wenye viwanda, na kujisahau. Wamisionari Wakatoliki waliokuwa hapa Mjini tangu mwaka 1860, na waliofungua misioni ya Bagamoyo mwaka 1868, waliwakomboa watumwa kwa fedha, wengi wao watoto, wakawapa makao, mafundisho na ufundi. Ni kazi tunayoikumbuka kwa shukrani. Lakini vijiji vile navyo vilikuwa na kengele na saa za kazi zilizopangwa na wengine, na wapo waliotoroka. Mapadre wale waliogopa uvivu kama watu wote wa zama zao. Huenda haikuwapitia akilini kumuuliza aliyekombolewa, "Wewe wataka kuishije?" Twasema hayo bila kuwadharau. Twasema ili tujue kwamba kosa hili humpata hata mtu mwenye nia njema.

Mtume Paulo ndiye anayetajwa mara nyingi katika shauri hili, kwa lile onyo lake kwamba asiyetaka kufanya kazi asipewe chakula. Lakini tumsome vema. Paulo alisema juu ya asiyetaka kazi, wala hakusema juu ya asiyetaka kuajiriwa. Yeye mwenyewe alikuwa fundi wa mahema aliyejitegemea kwa mikono yake ili asimlemee mtu. Tena Mtakatifu Thomas wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alipoueleza uvivu kama dhambi, hakuueleza kuwa ni kupumzika kwa mwili. Aliueleza kuwa ni huzuni ya moyo mbele ya jema: mtu aona jema lililompasa, naye linamchosha kabla hajaligusa. Kwa kipimo hicho, aendaye mbio kutwa nzima akikimbia wajibu wake kwa watoto wake aweza kuwa mvivu, na aliyeketi kivulini baada ya kulima aweza kuwa mtu mwema kabisa.

MWANI NA KARAFUU

Labda msomaji atasema hayo ni ya kale. Basi tutazame ya karibu. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, ambayo ndani yake damu nyingi ilimwagika, ardhi ilichukuliwa na serikali, na maelfu ya familia wakapewa ekari tatu tatu. Aliyekuwa akilima kwa hisani akapata mahali pake. Lakini kwa miaka mingi mnunuzi wa karafuu alikuwa mmoja tu, naye alimpa mkulima sehemu ndogo ya bei ya dunia. Matokeo yalikuwa nini? Magugu yakasimama chini ya mikarafuu, miti ikazeeka bila kupandwa mingine, na karafuu nyingine zikavushwa usiku kwenda Mombasa, ijapokuwa adhabu ilikuwa kali. Mkulima huyu hakuwa tena mtumwa wala mkaazi wa hisani, na bado alilegea. Mwenye shamba wa kwanza alikuwa bwana, wa pili serikali; lakini funzo ni lilelile. Mkono hulegea pale matunda ya kazi yanapokwenda kwa mwingine.

Mwaka 1989 kilimo cha mwani cha kuuza nje kilianza Paje na Jambiani, na tangu hapo wakulima wake walio wengi wamekuwa wanawake. Maji yakitoka huenda pwani, wakainama katika jua na chumvi kufunga mbegu kwenye kamba. Wakirudi huanika, kisha humngoja mnunuzi. Mara nyingi kampuni ndiyo iliyotoa kamba, na kampuni ndiyo itajayo bei. Je, msomaji haoni kwamba huyu ni ndugu yake yule mfumaji wa Uingereza, aliyeletewa sufu nyumbani na kupangiwa bei ya nguo? Mwanzoni fedha ile iliwajengea wengi nyumba na kuwasomesha watoto. Bei iliposhuka, na bahari ilipopata joto mwani wa aina ya bei nzuri ukafa, wengine waliacha. Walipoacha, hawakukosa watu wa kusema, "Wanawake hawa wavivu." Aliyesema hivyo hakuwahi kusimama ndani ya maji saa nne akifunga kamba.

KIPIMO

Hatutaki msomaji adhani kwamba uvivu haupo. Upo, nasi sote twaujua, maana kila mmoja wetu ameuona angalau mahali pamoja, yaani moyoni mwake. Wapo vijana wanaokula jasho la mama zao wauzao maandazi, wakingoja kazi safi isiyokuja. Mchagua jembe si mkulima, walisema wazee, na ni kweli. Kukataa kibarua cha dhuluma si ruhusa ya kukataa kila kazi. Yule mtu wa 1897 aliyeliacha shamba la bwana alishika jembe lake asubuhi ileile. Kijana atakaye kusifiwa kwa mfano wake hana budi kuufuata wote, si nusu yake.

Lakini kabla ya kulitamka lile neno, twashauri kila mmoja ajiulize maswali matatu. La kwanza: Mtu huyu, akifanya kazi kwa faida yake mwenyewe, afanyaje? Kama huko ajitahidi, basi kasoro i katika mapatano, wala haimo ndani yake. La pili: Ujira ninaompa, mimi ningeupokea, na kwa kazi ileile, na chini ya jua lilelile? La tatu: Ninapotamani asiwe na njia nyingine ya kuishi ili aje kwangu, je, ninatamani bidii yake, au ninatamani njaa yake?

Swali hilo la tatu ndilo zito kuliko yote. Wazee wetu walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ni mithali ya watu wenye kupenda kazi. Walakini tuitazame vizuri: mgeni apewa jembe, maana yake ni kwamba atakula pamoja na wenyeji chakula alichokilima pamoja nao. Hakuna mithali isemayo tumnyang'anye jembe lake ili aje kuliomba la kwetu.

Basi msimu ujao, mwenye mikarafuu akikosa wachumaji, asianze kwa kulaumu. Aongeze kwanza bei ya pishi, kisha atazame. Huenda akashangaa jinsi wavivu wale watakavyowahi kufika, ngazi begani, kabla ya umande kukauka.